Mimi Nabipiwa, Mdogo Wangu Anasalimiwa

Mdogo wangu hajui kuweka laini kwenye simu mpaka leo. Mumewe ndiye anayemwekea, mumewe ndiye anayemkwangulia vocha, na simu ikigoma yeye huipigapiga kiganjani mpaka izime kabisa. Mimi, dada yake, nilikuwa nafungua redio, naisafisha na kuifunga tena ikaimba, wakati yeye bado anauliza kitufe cha sauti ni kipi. Sasa niambie, mama yetu alipopata simu, alizungumza na nani? Na yeye. Mimi nilibipiwa. Wivu huo nimekaa nao miaka mingi, na sioni aibu kuusema.

Kwetu ni Kimali, kaya iliyozungushiwa minyaa, pamba upande mmoja na zizi upande mwingine. Baba alifariki tukiwa wasichana, akaacha wake wawili: mama yetu, na mama mdogo ambaye hakujaliwa mtoto. Hao wawili waliendelea kukaa pamoja wakigombana juu ya kuku na kusameheana juu ya ugali. Mdogo wangu aliolewa na mhasibu, akapelekwa Dar es Salaam. Ndoa yangu mimi ilinishinda mapema, nikahamia Bariadi mjini, nikajifunza kupiga chapa, nikafungua steshenari karibu na stendi.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia, kila mmoja na lori lake na mizani yake, na kila mmoja alitaka barua zichapwe na fomu zitolewe kopi. Maduka nayo yalijaa vitu ambavyo utotoni tuliviona kwa mkuu wa shule tu, tena kwa kuchungulia dirishani. Nilinunua redio kaseti ya milango miwili. Nikanunua kamera. Nikanunua televisheni ndogo, nikasimika antena juu ya mlingoti mrefu kuliko nyumba yenyewe, nikaiunganisha na betri ya gari, kwa kuwa nyumbani umeme haukuwa umefika. Ilionyesha chenga tupu na mtu mmoja anayesoma habari kwa mbali kama anayenyeshewa mvua, lakini uwanja wangu ulijaa watu! Wengine walikuja na viti vyao. Nilipenda kila kitu kilichotoka kwenye boksi. Nilipenda hata harufu ya lile boksi, na nilikuwa nasoma karatasi ya maelekezo mpaka lugha nisizozijua.

Kompyuta ilipofika Bariadi, yangu ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Wanaume walikuwa wanakuja kuiangalia wakiwa wameweka mikono nyuma. Mmoja aliniuliza nani mwenyewe. Nikamwambia mwenyewe ni mimi. Akauliza tena, "Nasema mwenyewe hasa." Nilimfukuza.

Katika miaka hiyo yote nilikuwa naenda Kimali kila mwisho wa mwezi. Napanda lori au basi mpaka Mwandoya, halafu nakodi baiskeli, nafika nimekuwa mwekundu kwa vumbi, nimebeba sukari, sabuni na betri za redio ya mama. Mama akiniona naingia hakuwa na maneno mengi. "Umefika? Shika hili," na kabla sijakaa nimeshapewa mchi, au ungo wa karanga, au kamba ya ndama. Tulikuwa tunafanya kazi mpaka jua linazama, tukila tunalala. Mdogo wangu alikuwa anakuja mara moja baada ya miaka kadhaa, amevaa viatu vya visigino, na siku hiyo kaya nzima inasimama. Anatandikiwa mkeka. Anasalimiwa mpaka mtu anasahau kuwa kuna chakula jikoni. Mimi niko jikoni huko huko nakichochea. Roho iliniuma, lakini nilijiambia kwamba atarudi kwake Dar na mimi nitabaki, mama ni wangu.

Basi, simu zikaja. Mnara ulisimamishwa Bariadi kwanza, baadaye ukaja mwingine upande wa Mwandoya, na nikasikia watu wa Kimali wananasa mtandao wakipanda mahali pa juu. Sikungoja. Nilinunua simu ya tochi, nikaweka laini, nikaipeleka kwa mama mwenyewe. Nilizunguka kaya nzima nimeinyanyua juu kama mtu anayetafuta tobo kwenye paa. Kwenye nyumba hakuna kitu. Zizini hakuna kitu. Mwishowe nikapata mahali, pale penye nguzo ya kuanikia mahindi, lakini juu, juu ya kichwa cha mtu. Nikafunga kopo kwenye nguzo, simu ikawekwa humo. Mama alikuwa mfupi, kwa hiyo tuligeuza kinu kikuukuu, akawa anapanda juu yake, sikio linafika kwenye kopo. Kuchaji, simu ilikuwa inapelekwa Mwandoya na mtu anayekwenda mnadani.

Halafu nikamfundisha kubipu. Hapa nilijiona nina akili kuliko watu wote wa wilaya mbili. Mlio mmoja asubuhi, maana yake mama mzima. Milio miwili, nipigie. Milio mitatu, kuna hatari, nije haraka. Mimi nikirudisha mlio mmoja, maana yake nimepata, nami mzima. Salio haliguswi! Mama alijifunza siku hiyo hiyo. Mama mdogo naye alijifunza kwa kumwangalia, akawa anamsahihisha.

Kila asubuhi nikifungua mlango wa steshenari, simu inalia mara moja na kunyamaza. Wateja wanauliza ni nani. Nasema, "Mama yangu. Yuko mzima." Wanashangaa. Mwenye duka la jirani aliniomba nimfundishe na yeye, akamfundisha baba yake, na baada ya muda mfupi mtaa mzima ulikuwa unabipiwa na wazazi. Nilitembea nimenyanyua shingo. Safari za kila mwisho wa mwezi nikaziacha kidogo kidogo. Kwani niende kufanya nini, kula vumbi? Mama yupo mfukoni mwangu. Sukari nilimpa kondakta.

Nilichogundua nilikigundua kwa sababu ya vocha. Nilikuwa natuma vocha kwa mama, na inaisha. Unabipu tu, vocha inaishaje? Nikamshuku mama mdogo. Nilipanda basi nikiwa nimeshapanga maneno yangu yote, na safari hiyo sikutaka kumfanyia mtu adabu.

Nilifika mchana. Nikapewa ungo, nikaanza kuchambua mchele, nikawa nangoja wasaa wa kuuliza. Kabla sijafungua mdomo, simu ikalia pale kwenye nguzo, na ikaendelea kulia. Mama aliacha kila kitu. Akajifunga kanga upya, mwe! kama anayekwenda kanisani, akapanda juu ya kinu.

"Mwadila, mayu," akasema. Mwadila ni salamu yetu ya mchana, na kwetu mama humwita bintiye hivyo, mayu, yaani mama. Nikajua ni mdogo wangu.

Halafu zikaanza salamu, kila moja na mhola yake, yaani salama, na kopo linakuza sauti nasikia pande zote mbili. Mhola ya huko? Mhola tu. Mumeo, mhola? Mhola. Wakwe zako, waliamka? Waliamka. Mtoto tumboni hachezi sana? Anacheza kidogo tu, mhola. Jirani yako yule wa Kigoma, mhola? Mvua ya huko? Chakula sokoni kinapatikana? Usingizi unaupata? Na wewe mama, mhola? Mhola. Mama mdogo, mhola? Ng'ombe zimekunywa? Zimekunywa. Yule mwekundu aliyekuwa anachechemea? Amepona, wabeja, asante. Minyaa imechipua? Na mama anaitikia kila moja kwa sauti ile ya kuimba, amefumba macho, anayumba juu ya kinu, mkono mmoja umeshika nguzo. Hakuna habari hata moja iliyosemwa. Ni salamu tupu! Mwishowe akavuta pumzi, akasema, "Sasa, mayu, lile jambo nililotaka kukuambia," na simu ikakatika. Salio la mhasibu limekwisha.

Nikacheka. Kusema kweli nilifurahi. Lakini mama hakushuka. Alibaki pale pale juu, na baada ya muda simu ikalia tena, mdogo wangu amekwanguliwa vocha nyingine. Nikategemea sasa watasema lile jambo.

"Mwadila, mayu," akaanza mama. "Mhola ya huko?"

Walirudia yote. Mume, wakwe, mtoto tumboni, jirani wa Kigoma, mpaka ng'ombe mwekundu. Uvumilivu ukanishinda.

"Mama, mmeshasalimiana!"

Akaziba kopo kwa kiganja, akaniangalia kwa mshangao. "Hiyo imekatika. Mtu akitoka akarudi humsalimii?"

Na ikikatika upande wa kule, mama anapiga mwenyewe, kwa vocha yangu, ili amalizie salamu. Ndiko vocha ilikokuwa inakwenda. Mimi naokoa salio kwa milio, wao wanalimwaga kwa kuuliza kama minyaa imechipua. Mumewe aliniambia baadaye kwamba mdogo wangu akizungumza na mama hupiga magoti pale sebuleni, kama inavyompasa binti kumwamkia mama yake. Sebuleni, Dar es Salaam, mbele ya simu! Nikamuuliza shemeji, nani anamwona? Akasema hata yeye alimuuliza hivyo hivyo.

Sikumgombeza mama mdogo. Sikumgombeza mtu. Nilichambua ule mchele mpaka ukabaki mweupe kama chumvi. Mimi ndiye niliyenunua simu. Kopo nimefunga mimi. Hata kinu nilikigeuza mimi. Katika kaya hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza kama usingizi ninaupata.

Niliporudi Bariadi nikafanya ujanja. Nilikwangua vocha kubwa, nikafunga mlango wa steshenari mchana kweupe, nikakaa chini kwenye mkeka, nikapiga. Nilitaka salamu zangu. Nilikuwa hata nimefikiria majibu, ya mvua, ya majirani, ya ile mashine ya kopi iliyokuwa imetafuna karatasi. Simu iliita. Nikasikia kinu kinagota, mama anapanda.

"Eeh, kuna nini?"

"Mwadila, mayu," nikasema.

"Mwadila. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimekupigia tu tuzungumze."

"Sasa vocha yako si inaisha bure? Mimi mzima. Kesho nitakubipu." Akakata. Alikata yeye, na namna ya kukata nilimfundisha mimi.

Nilikaa pale kwenye mkeka nimeshika simu yenye salio zima. Nilimchukia mdogo wangu siku hiyo. Nasema nilimchukia, na nilimwombea salio lake liwe linakwisha kila akisema mwadila. Dua hiyo haikuwa ngumu kujibiwa.

Halafu akajifungua. Wakati huo mtandao wa intaneti ulikuwa umeingia mjini kwa waya wa simu ya mezani, na mimi, nani mwingine, nilikuwa nao steshenari. Unapiga, mashine inalia na kukoroma, unangoja, na ukibahatika inafunguka. Watu walikuja kuandikiwa barua pepe kwa watoto wao walioko masomoni. Hawakuwa na anwani, walitumia yangu, na nilikuwa nazisambaza kwa miguu kama tarishi. Shemeji akaniandikia kutoka ofisini kwake: ametuma picha ya mtoto, anaomba nimfikishie mama.

Picha ile ilifunguka kuanzia juu, mstari kwa mstari. Kwanza ukuta. Halafu nywele. Halafu nywele zaidi. Laini ikakatika, nikaanza upya, ukuta tena, nywele tena. Wateja wamejaa, nimewaambia wangoje. Karibu na kufunga duka ndipo uso wa mdogo wangu ukatimia, anacheka, na chini ya kidevu chake mkono umemshika mtoto. Niliichapa kwa wino wangu wa rangi, ule niliokuwa nautunza kwa ajili ya kadi za harusi. Nikaifunga kwenye nailoni, nikapanda basi, nikakodi baiskeli, nikaifikisha Kimali haijakunjika hata ncha.

Mama alipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakageuza vichwa. Alimwita mama mdogo, wakaita majirani, wote wakaangalia. Aliibusu picha. Halafu akaishika kwa mikono miwili, akaiambia, "Wabeja, mayu! Wabeja gete! Umenitumia mjukuu." Aliishukuru picha. Mimi nimesimama pembeni jasho linanitoka.

"Mama, nimeileta mimi," nikasema. Nilishindwa kujizuia.

"Nimekuona," akasema. "Nipe gundi."

Nikampa gundi. Niliibeba kwenye mkoba, kwa sababu mtu kama mimi hufikiria mambo mapema. Akaibandika ukutani karibu na mlango, mahali ambapo kila anayeingia ataiona. Nikaangalia ule ukuta wote. Baba yupo. Mdogo wangu yupo siku ya kipaimara, yupo siku ya harusi, yupo na viatu vyake. Mama mdogo yupo na kuku. Mimi sipo, na si kwa ubaya wa mtu: kamera ilikuwa yangu, nani angenipiga? Lakini siku hiyo sikutaka kusikia sababu. Nilirudi mjini siku ile ile nikisingizia kazi.

Kazi zilikuwepo kweli. Msimu wa pamba uliingia na wanunuzi wakaja wengi kuliko mwaka uliotangulia, kila mmoja anataka fomu zake leo. Nikanunua mashine ya pili ya kopi. Nikaanza kuuza vocha, nikaanza kuchaji simu za watu, nikatengeneza ubao wenye namba ili zisichanganyike. Msimu ukaisha, mvua zikaanza, watu wakarudi kupanda, na mimi nilikuwa sijakanyaga Kimali tangu siku ya picha. Sikuona tatizo. Kila asubuhi mlio mmoja. Narudisha mlio mmoja. Wivu wangu nilikuwa nautuliza hivyo: mdogo wangu anapata maneno mara moja moja, mimi nampata mama kila siku inayopambazuka, haikosekani. Hata yeye mwenyewe nilimwambia hivyo. Nilimwambia zaidi ya mara moja.

Siku moja mchana akanipigia. Mwenyewe, bila mumewe kushika simu. Tukaanza salamu; alianza yeye, anajua kusalimia huyo, akaniuliza mashine, majirani, mvua. Nilijibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa na mteja.

"Dada," akasema, "mama anaendeleaje?"

"Mama mzima," nikajibu, na nilijibu kwa raha. "Nimepata habari zake leo hii asubuhi. Mimi kila siku lazima nipate habari zake."

"Basi namshukuru Mungu. Kwa hiyo mguu umeacha kuvimba?"

Nilimwambia mteja angoje. "Mguu gani?"

"Jamani, dada. Ule aliovunjika."

Alidhani najua. Ilikuwa ni yeye aliyekuwa anaongea na mama siku ya kuvunjika, wamefika kwenye salamu za ng'ombe, kinu kikapinduka. Alisikia kishindo, akasikia mama mdogo anapiga yowe, halafu salio likaisha. Tangu siku hiyo alikuwa anapiga kila jioni. Mama mdogo alikuwa anaichukua simu kutoka kwenye nguzo, anakimbia nayo hadi mlangoni, wanasemezana kwa kupokezana, mtandao ukiwepo. Alijua mguu ni wa kushoto. Alijua jina la mganga wa mifupa aliyeufunga kwa magome. Alijua mama anakula uji wa mtama tu na kwamba maumivu yanazidi jogoo akiwika. Yote haya anajua mtu aliyeko Dar es Salaam, asiyejua kuweka laini!

"Nilidhani wewe ndiye unayemuuguza," akasema. "Si wewe uliye karibu?"

Unajua ni nini kilichonijia kwanza? Si huruma. Namwambia mtu kweli yangu: kwanza ulikuja wivu, umekuja na moto wake, kwamba hata kuvunjika mguu mama amevunjikia kwa mdogo wangu. Huruma ilinikuta nimeshafunga duka, natembea kuelekea stendi.

Kutoka Mwandoya njia ilikuwa tope, baiskeli niliibeba mimi zaidi ya ilivyonibeba. Mama mdogo alinikuta kwenye mlango wa minyaa. Nilimvaa pale pale. Kila asubuhi nabipiwa mlio mmoja, mama mzima, mama mzima, nani alikuwa ananibipu?

"Mimi," akasema bila kuficha. "Mama yako alisema nikubipu, usije ukahangaika."

"Mlio mmoja?"

"Sasa ningebipu mingapi? Uliufundisha wewe."

Niliingia ndani. Mama alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mguu umefungwa na kulazwa juu ya gunia la pamba. Alikuwa amekonda. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza na yeye, na nilianza.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Mmoja ni mzima," akasema, anahesabu taratibu kwenye vidole. "Mitatu ni hatari, na mimi sikufa. Mguu ni mingapi? Mguu hukunifundisha."

"Miwili je? Miwili si ya nipigie?"

"Miwili unapiga, unauliza kuna nini." Akageuza uso ukutani kidogo, halafu akaurudisha. "Mtu mwenye kazi. Nikaona tutakusumbua."

Nilisimama pale na viatu vyangu vya tope. Mama akajiinua kwa kiwiko, akavuta kanga akajitanda vizuri mabegani, akanionyesha kiti cha mbao, kile kilichokuwa kinafutwa vumbi padre akija.

"Kaa, mayu. Mwadila."

Nikapiga magoti. Sijui, yalijipiga yenyewe. "Mwadila, mayu."

"Mhola ya Bariadi?"

"Mhola tu."

"Uliamka?"

"Niliamka."

"Nyumba yako, mhola? Mashine zako, mhola? Mvua ya huko inanyesha?"

Inanyesha, nikasema. Zilikuja zote. Aliniuliza kama sokoni chakula kinapatikana. Aliniuliza usingizi, kama ninaupata. Aliniuliza na yule jirani yangu mwenye cherehani, hajambo? Jirani mwenye cherehani alikuwa amehamia Mwanza zamani, kabla hata ya picha ya mtoto, lakini nikasema hajambo, mhola, sikutaka akatishe. Sauti ilikuwa ile ile ya kuimba. Amefumba macho. Niliitikia kila moja mpaka mwisho, machozi yananitoka, na nitasema bila kuficha, nilifurahi. Nilikuwa nimezipata. Nilitamani mdogo wangu apige saa hiyo hiyo akute tunazungumza.

Huko nje kuku wakaanza kupiga kelele, mama mdogo anawakimbiza. Nikatoka mlangoni kumwambia aache, si lazima, mimi nitakula chochote kilichopo. Alikuwa ameshamkamata jogoo, amemshika miguu, kichwa kinaning'inia.

"Hapana," akasema. "Mgeni wa mbali hali mboga za majani. Ila tuambie, unaondoka lini, ili tujue tumchinje sasa hivi au kesho asubuhi?"